Makapi ya Kapaya

Siku tuliyomzika Kapaya Malunde nilisimama kando ya kaburi nimevaa koti lake, kofia yake imenifunika masikio, na uwanja mzima ukanyamaza ukingoja nianze. Sikuanza.

Kwa asiyejua mambo yetu, inafaa nieleze, maana bila hilo hadithi hii haina kichwa wala miguu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mababu zao walikuja Tanga kukata mkonge wakatukuta huku, tukaitana watumwa mpaka tukaoana. Akifa Mnyamwezi, Mzigua ndiye anayevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na ubahili wake mbele ya jeneza, analala njiani lisipite mpaka akombolewe kwa kuku au kanga, na anawachokoza wafiwa mpaka wacheke. Akifa Mzigua, wao hutufanyia vivyo hivyo. Alipokufa baba yangu, Kapaya huyu huyu alivaa kanzu yake akapita kati ya waombolezaji akiwauliza nani kamaliza sukari. Mama yangu, mjane wa asubuhi ile, alicheka mpaka akashika mbavu. Ile ni dawa, na mtani ndiye mganga wake. Mtani anayekuja msibani akakaa kimya heri angebaki kwao.

"Mtani, tunakungoja," Kabula aliniambia kwa sauti ya chini. Kabula ni binti mkubwa wa Kapaya, mwanamke wa makamo mwenye duka la vyandarua pale Korogwe, na macho yake siku ile yalikuwa makavu kwa namna iliyonitia hofu.

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Nilikuwa nimefanya kazi na Kapaya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, tukionana karibu kila siku, na pale kaburini nilipomwita akilini alikuja muuza samaki mwenye madeni. Nikamfukuza, akaja hakimu kiziwi. Nikamfukuza, akaja mkwe anayejifanya hasikii njaa. Wote hao walikuwa Kapaya na hakuna aliyekuwa Kapaya. Nikavua kofia, nikasema, "Nisameheni, watani," nikarudi nyuma.

"Kazikwa mkavu," alinung'unika mzee mmoja wa Kinyamwezi. Wenzake wakatikisa vichwa. Wakakubaliana kwamba deni langu nitalilipa siku ya kuanua tanga, na nisipolilipa, basi Wazigua wa Korogwe wasije tena kwenye misiba yao kula wali wa bure.

*

Jina langu ni Siku, na mimi ni muuza viungo. Si vya pilau.

Tuseme kuna mtu yuko chumbani kwake Mwanza au Lubumbashi, ana wazo la mchezo wa kompyuta, hana kampuni, hana mchoraji, ana mashine moja na ndoto. Anakuja Gulioni. Gulio ni soko la mtandaoni, na jina hilo limelibakia tangu enzi lilipokuwa likifunguliwa Jumamosi tu. Hapo anakuta nyumba zilizokwisha kuchorwa, mvua iliyokwisha kutengenezwa, mbuzi waliokwisha kufundishwa kula maua ya jirani, na watu. Anachagua, anatia kwenye mchezo wake, anakoroga. Mpishi asiyemenya vitunguu mwenyewe bado ni mpishi.

Kibanda changu ni cha watu. Mtu wangu huja kamili, na sura yake, nguo zake, na mwenendo wake. Ukimweka mlangoni anajua kusimama mlangoni. Ukimnyima kiti atakasirika kwa namna yake, si kwa namna ya jirani yake. Hicho ndicho tunachokiita kiungo hai, na ndicho kinachowafanya wachezaji wasahau kwamba wamevaa miwani ya kuchezea.

Mwenendo hautoki hewani. Mashine zilijaribu kuubuni zenyewe, na watu waliopatikana walitembea kama watu waliosimuliwa tu habari za kutembea. Unahitajika mwili. Mwili wangu alikuwa Kapaya. Alivaa fulana ya nyuzi inayosoma kila kifundo, mpaka pumzi, kisha nikamwambia, "Leo wewe ni mlinzi anayeogopa mbwa," naye akawa. Nyuma ya studio yangu kuna mashine tunayoiita kinu. Kinu hutwanga yale yote, mchele ukaenda sokoni, makapi yakabaki. Makapi ni mambo ya katikati, anapokunywa maji, anapojikuna, anaponingoja nirekebishe taa. Fulana haizimwi, kwa hiyo yote yamehifadhiwa kwenye sanduku jeusi la kumbukumbu lisilozidi tofali. Hakuna mtu aliyewahi kuyataka.

Mpaka alipokuja Elinami.

Alikuwa kijana nadhifu kutoka ofisi ya Gulio, Arusha. Aliamkia vizuri, akatoa pole kwa mpangilio unaotakiwa, akanywa chai yangu yote. Ningependa kusema nilimchukia, lakini sikumchukia, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

"Mama, tumepata kinu kipya," alisema. "Hiki kinatwanga makapi. Kwenye mchele yuko muuza samaki, yuko hakimu. Kwenye makapi yuko mwigizaji mwenyewe. Mikono yake anapokuwa haigizi. Tukishampata huyo, hatuhitaji tena kiungo kimoja kimoja. Mtengenezaji anamnunua mara moja, anamwambia, kuwa mwizi, anakuwa mwizi. Anamwambia, kuwa bibi harusi, anakuwa. Tunamwita kiungo mama."

"Kwa hiyo mnataka kumuuza Kapaya."

"Tunataka asiishe."

Alinieleza Kanuni ya Gulio, ingawa naijua. Mwenendo ni wa mwili ulioutenda, na baada ya mwili ni wa mrithi. Kumbukumbu ni za aliyezirekodi. Kidole cha Kabula na kidole changu, vyote viwili vibonyezwe kukubali, au hakuna kitu.

"Na waigizaji walio hai?" nikamuuliza. "Watashindana na marehemu?"

"Watajitahidi, mama."

"Marehemu hachoki, kijana."

"Kweli, hachoki," alisema Elinami, na uso wake ukaonyesha kwamba alidhani nimemsifu.

Nilimpa kipande kidogo cha makapi atengeneze mfano, wafiwa wauone, basi. Nilikuwa na haja yangu pia. Kama kinu chake kweli kingeweza kunitolea Kapaya mwenyewe, ningemtazama, nikajifunza anavyokaa na anavyoinuka, na siku ya kuanua tanga nisisimame tena pale na kofia masikioni.

Siku hiyo hiyo alinipigia Tumsifu. Huyu ni mteja wangu wa siku nyingi, muuguzi wa Mwanza, anayetengeneza peke yake mchezo wa watoto kuhusu zahanati. Watoto hucheza wakajifunza kumtambua mtu mwenye homa ya manjano na mtu mwenye njaa tu. Habari za Gulio husambaa haraka.

"Dada Siku, nimesikia Kapaya anatoka kamili," alisema. "Nina wagonjwa wengi wa kuwaweka kwenye foleni, na kila mmoja anaumwa kwa namna yake. Kununua mmoja mmoja siwezi. Nimewaweka wale wa bure, wote wanashika tumbo kwa mkono mmoja, hata mwenye jino. Watoto wananicheka."

"Bado hatujaamua."

"Mnaamua nini? Mtu aliyekufa anasaidia watoto wasife. Mimi ningesaini kwa vidole vyote kumi."

Tumsifu si mtu wa kupuuzwa, na alichosema kilikuwa cha kweli.

*

Elinami aliuleta mfano nyumbani kwa Kapaya siku ya Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Tulikaa sebuleni, Kabula, wadogo zake, watoto wao, na mimi kwenye stuli karibu na kabati la vyombo. Kila mtu alipewa miwani. Elinami alifunga pazia, akasema taratibu, "Hajaambiwa kuigiza chochote. Mtamwona alivyo."

Kapaya akaonekana mlangoni.

Alikuwa na fulana yake ya kazi na suruali iliyopauka magotini. Alisimama uzito wake ukiwa kwenye mguu mmoja. Akainua mkono, akasukuma kitu puani kwa mgongo wa kiganja. Akainamisha kichwa upande, akasonya kidogo, akatutazama sote. Kisha akachota hewa kwa vidole vinne, mara mbili, kuja kwake.

"Ndiye," Kabula alisema, na machozi aliyoyazuia kaburini yakamtoka yote. "Ndiye kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akituita tule. Hasemi kitu. Anasimama hapo hapo mlangoni, anatuchota."

"Babu," mjukuu mmoja aliita, akanyoosha mkono, mama yake akamshika.

Na mimi nililia. Nisiwe mwongo, nililia kwa sauti. Miwani ile ikateleza kwa machozi kama inavyonitelezea yangu ya kila siku, mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika leso, basi nikaisukuma puani kwa mgongo wa kiganja, na wakati ule ule, pale mlangoni, Kapaya naye akasukuma pua yake kwa mgongo wa kiganja.

Kapaya hakuwahi kuvaa miwani maisha yake yote. Aliiona sindano gizani, na alijivunia hilo.

Nikamtazama upya. Kile kichwa kilichoinama upande ni changu, ninapochungulia taa kama imekaa sawa. Kule kusonya ni kwangu, tukikosea. Na kule kuchota hewa kwa vidole vinne ni kwangu, ndivyo ninavyomwambia mwigizaji "rudia" bila kuharibu sauti inayorekodiwa. Nyani haoni kundule. Miaka yote ile, kila nilipoinamia taa, nyuma ya mgongo wangu mtani wangu alikuwa akiniigiza. Yale makapi niliyoyaacha yajae kwenye sanduku yalikuwa mimi.

Elinami alizima mfano. Sebule ilikuwa imejaa vilio vizuri, vile vinavyompunguzia mtu mzigo. Kabula alinishika mkono kwa nguvu.

"Mama, wewe unamwonaje?" Elinami aliniuliza. "Ametoka sawa?"

"Ametoka," nilisema. "Ngoja nifikiri."

*

Kesho yake nilifunga studio, nikafungua sanduku, nikakaa kutazama makapi. Nilikuwa natafuta kipande kimoja tu ambamo Kapaya hakuwa mimi. Nikikipata, nilijiambia, mambo yatakuwa mepesi. Nitamwonyesha Kabula, nitamwambia, baba yako ni huyu hapa, yule wa Jumapili alikuwa ananitania, tuanze upya.

Katika yale ya zamani alikuwa mchokozi mtupu. Unamwona anangoja nigeuke. Nikigeuka tu, anabinua midomo, anainamisha kichwa, anasukuma miwani asiyokuwa nayo, anamsonya mwigizaji asiyekuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumchekesha mle ndani. Alijichekesha mwenyewe, mabega yakitetemeka, na nikigeuka anarudi kuwa mlinzi au mkwe, uso mkavu. Nilikasirika. Nilikasirika kweli kweli, nikasimama nikazunguka chumba nikimtukana marehemu kwa Kizigua. Kisha nikacheka, maana alikuwa amenipata sawasawa, hata ile namna ninavyokanyaga nyaya halafu ninamlaumu mwingine.

Nilivyoendelea mbele, kuelekea miaka ya baadaye, kicheko kilikwisha. Hangoji tena nigeuke. Anafunga kamba za viatu, kichwa upande. Anakunywa maji, anasonya kidogo kwa sababu ni ya moto. Anamwita fundi umeme kwa vidole vinne. Hakuwa akimchokoza mtu. Alikuwa amevaa koti la utani akasahau kulivua, likamkaa mwilini, akaenda nalo nyumbani, akawa baba wa watu akiwa nalo. Hapo nilimlilia Kapaya kwa mara ya kwanza bila ya watu kuniona. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu sisi hatuambiani hivyo. Tunaambiana watumwa.

Kipande nilichokitafuta sikukipata.

Nikabaki na swali, na halikunipa nafasi. Nikimwambia Kabula ukweli, ninamnyang'anya baba yake pale mlangoni, yule anayewachota waje kula, na ninamwambia kwamba hata pale alikuwa anamcheka mtu mwingine. Nikinyamaza nikaweka kidole, ninajiuza kwa jina la maiti. Nao watengenezaji wa Lubumbashi na Mwanza watanivalisha nguo za wezi na mabibi harusi, na hakuna atakayejua, na watoto wa Tumsifu watapona.

Kwa nini basi nisinyamaze? Nilijiuliza hilo kwa dhati. Kujiona sokoni hakuniumi sana, nimewauza wengine. Kilichonikwaza ni utani wenyewe. Utani ni wa kurudishiana. Unanitania leo, kesho nakutania, na mwenye zamu ya kufa anataniwa na aliyebaki, ndipo hesabu inafungwa. Kiungo hakitaniwi kikasikia. Kingekaa huko Gulioni kinanicheka milele, na mimi sina pa kumrudishia. Na jambo jingine, mtani lazima avue koti. Asipolivua, wafiwa hawajui msiba umekwisha lini.

Hata hivyo nilijua kwamba hayo ni maneno ya mtu ambaye baba yake mwenyewe alizikwa kwa kicheko. Kabula hakupata hicho kicheko. Nilimnyima mimi.

Alikuja mwenyewe studio, alasiri, na sahani ya mihogo iliyofunikwa kwa kanga.

"Nimeshaweka kidole changu, mtani," alisema akikaa. "Kimebaki chako."

"Umefanya haraka."

"Nyumba imenyamaza, Bi Siku. Watoto wanakula kila mtu kwa saa yake. Nikiwaita hawaji. Baba alikuwa hata haiti." Alichukua muhogo, hakuula. "Yule kijana amesema tutapewa na sisi wa kwetu, akae pale mlangoni. Sasa wewe unafikiri nini?"

Nilifungua mdomo. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Kabula, yule wa Jumapili..."

"Usiniambie si baba," alinikatiza. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba. "Kila mtu ana la kuniambia. Mchungaji kaniambia ni sanamu. Mume wangu kaniambia ni biashara. Mimi nilimwona. Mkono ule umetuita kula miaka na miaka."

Nikafunga mdomo. Tulikula mihogo, tukazungumza habari za chumvi kupanda bei. Alipoinuka kuondoka alinitazama juu mpaka chini.

"Na Jumamosi usituaibishe tena," alisema. "Ukishindwa kumwigiza baba, mkodi hata Mdigo."

*

Jumamosi ya kuanua tanga uwanja ulikuwa umefagiwa, turubai limefungwa, na vitu vya Kapaya vimepangwa juu ya mkeka vigawiwe. Kulikuwa na redio, viatu, koti, kofia, fimbo, jembe. Mimi nililileta sanduku la makapi, nikaliweka katikati ya vitu vingine, maana nalo nililihesabu kuwa la marehemu. Elinami alikuwa amekuja na kibao chake cha kuwekea vidole, amevaa suti, akasimama upande wa jua kwa adabu akingoja mila zetu zipite.

"Yule mtumwa yupo?" aliuliza mzee wa Kinyamwezi, yule aliyesema kazikwa mkavu. "Au keshakimbia?"

"Nipo," nilisema.

Nikainuka, nikavaa koti. Kofia niliiacha. Nikasimama mbele ya watu wote, nikaamua nisimtafute tena Kapaya. Nikafanya ninachofanya kila siku ya kazi. Nilitazama mwanga ulivyoingia chini ya turubai, nikainamisha kichwa nione vizuri, nikaona Elinami ameuziba. Nikasonya.

"Kijana, umesimama kwenye mwanga. Toka. Ingia tena kwa kule."

Vicheko viwili vitatu vilisikika nyuma. Elinami, maskini, alitoka kweli, akaingia tena kwa upande wa pili. Nikasukuma miwani kwa mgongo wa kiganja, nikamchota kwa vidole vinne arudie, na hapo uwanja ulilipuka.

"Kapaya!" mtu alipiga kelele. "Jamani, Kapaya huyo!"

Nikamgeukia bibi aliyekuwa akilia kwa taratibu zake pembeni. "Wewe bibi, hicho kilio hakikukaa. Rudia, na safari hii mkono kifuani." Bibi alirudia, akashindwa, akaanguka kwa kucheka juu ya jirani yake. Nikaukanyaga waya wa taa, nikamlaumu mchungaji. Nikawapanga wazee kwa urefu, nikawapangua. Wanaume walikuwa wakijifuta macho kwa mikono ya mashati. Yule mzee aliyeniita mtumwa alikuwa amekaa chini kabisa, anapiga mkeka kwa kiganja.

Kabula alicheka. Alianza kwa kujizuia, kisha akaachia, akacheka mpaka kilemba kikamfunguka. Nilimtazama, nikamchota kwa vidole vinne aje mbele, naye akaja, bado anacheka, akapiga hatua mbili tatu, na kisha akasimama. Macho yake yalikwenda mkononi kwangu. Yakaja usoni.

Watu waliokuwa karibu waliona, wakapunguza sauti.

"Mtani," alisema. "Hukuigiza kitu."

"Sikuigiza."

"Huyo ulikuwa wewe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi baba..."

"Baba yako alikuwa ananicheka," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya utani tena. "Kila nikimpa mgongo. Alinicheka mpaka ikamkaa, akaja nayo nyumbani. Ndiyo hiyo uliyoizoea pale mlangoni. Sikujua mpaka ile Jumapili, na nilipojua nikashindwa kukwambia."

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Kabula alifunga kilemba chake polepole, akakikaza, na mimi nikangoja tusi, au kilio, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Kumbe miaka yote," alisema mwishowe, "tumekuwa tukiitwa kula na Mzigua."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama cha kwanza. Kilianza kwake yeye, kikiwa na machozi ndani, kikapita kwa wadogo zake, kikawafika wazee, na wote waliocheka walikuwa wanamlilia Kapaya. Nikaona hapo ndipo pa kufanya kile ninachostahili. Nikaenda mkekani, nikalikalia lile sanduku la makapi, nikakunja mikono.

"Nimelichukua," nilisema. "Siinuki. Nikomboeni."

"Kabula, mkomboe mtani," wazee waliitika. Mtu alishampa kuku mikononi, amefungwa miguu, kwa maana hilo linajulikana, mtani akikalia kitu, mfiwa hutoa chochote alicho nacho, kitu kikarudi kwa wenyewe. Angenipa yule kuku, ningeinuka. Sikuwa na ujanja wa kumzuia, na singeweka hila kwenye utani. Sanduku lingekuwa lake, kidole chake kilikuwa tayari kwenye kibao cha Elinami, na changu ningekiweka pale pale, mbele ya watu, bila neno. Niliazimia hivyo nilipokuwa nikikaa.

Kabula alimshika yule kuku kwa muda mrefu. Alitazama mlango wa nyumba yao, uliokuwa wazi na hauna mtu.

"Silikomboi," alisema. "Kaa nalo."

Wazee waliguna. Mtu kutokomboa ni jambo la nadra, na kisichokombolewa huwa cha mtani moja kwa moja. Kabula alimweka kuku chini, akamfungua miguu.

"Baba alikuwa na lake moja," alisema, akiniambia mimi peke yangu ingawa wote walisikia. "Alijua kucheka watu. Hilo halimo humo sandukuni. Humo umo wewe."

Elinami alikuja akachuchumaa kando yangu, kibao mkononi, suti imeshika vumbi magotini. Niseme haki, alikuwa naye amelia. Lakini kazi ni kazi.

"Mama, nisaidie nielewe," alisema kwa upole. "Mrithi ameacha haki yake mbele ya mashahidi. Kumbukumbu ni zako tangu mwanzo. Kwa hiyo sasa mwenendo na kumbukumbu vyote viko kwako, na hahitajiki mtu mwingine yeyote. Ni mali yako halali. Unaweza kuiuza hata leo, kwa kidole kimoja."

Nilimfikiria Tumsifu na foleni yake ya wagonjwa wanaoshika tumbo kwa mkono mmoja. Atanuna, na ana haki ya kununa, na nitampigia mwenyewe nimwambie.

"Siwezi, kijana," nilimwambia Elinami. "Bado naitumia."